Boston na zile mechi mbili za nyumbani: lawama ni za nani?

Swali: Assalaam alaykum kocha. Niko Wete, na mimi ni mtu wa Boston Celtics ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, tangu skuli. Mtoano wa 2025 tulitolewa na New York Knicks kwa mechi 4–2, watu ambao msimu wa kawaida tuliwafunga mechi zote nne. Hapa barazani kwetu ubishi haujesha mpaka leo. Kuna anayesema ni kocha Joe Mazzulla, kuna anayemtaja mchezaji wetu Jayson Tatum, mwengine anasema ni mwenzake Jaylen Brown, na ami yangu anasema hakuna wa kulaumiwa, mipira haikuingia tu. Wewe unayefundisha vijana kikapu, lawama unazigawa vipi?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Ami yako yuko karibu na ukweli kuliko nyote hapo barazani, ila ameishia njiani.

Mimi nikitaka kugawa lawama naanza na swali moja: kilichotufunga kilijulikana lini? Kama kilijulikana tangu Januari, msimu ukiwa katikati, kikaachwa vilevile mpaka mtoano, lawama inapanda juu kwa waliounda kikosi. Kama kilijitokeza mechi ya kwanza ya mfululizo na mechi ya pili kikajirudia, hapo tunazungumza na kocha. Kama ni jambo ambalo mchezaji angeweza kulirekebisha peke yake, kwa mazoezi yake mwenyewe, ni lake. Na kama hakuna aliyeweza kulijua wala kulizuia, tuliache bila ya mwenyewe. Hili la mwisho ndilo zito kwa mashabiki, kwa sababu timu ikitolewa moyo unataka mtu.

Kabla ya kuingia Boston, tuangalie tunavyoziona mechi zenyewe. Kwetu hapa nyingi zinaanza kuanzia saa nane za usiku. Wachache wanakesha. Wengi wanaamka kwa sala ya alfajiri, wanafungua simu, wanakuta klipu fupi ya mpira wa mwisho. Mwisho wa dakika za nyongeza katika mechi ya kwanza, Mikal Bridges wa Knicks alimpokonya Jaylen Brown mpira. Mwisho wa mechi ya pili, Bridges huyohuyo akampokonya Tatum mpira wa mwisho. Hizo ndizo klipu zilizozunguka, na ndizo zilizowatwika lawama Brown na Tatum. Lakini anayehukumu kwa klipu hizo ni sawa na mtu aliyefika harusini biriani linapakuliwa, kisha akataka kutusimulia nikaha. Mechi ya kwanza Boston iliongoza kwa pointi 20. Mechi ya pili ikaongoza tena kwa pointi 20. Zote mbili nyumbani kwake. Ukishakuwa mbele kwa pointi 20 ukafungwa, kosa halimo kwenye mpira wa mwisho. Limo kwenye robo nzima ya mchezo iliyoufanya mpira huo wa mwisho uwe na maana.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo ami yako anapopata haki yake. Mei 5, mechi ya kwanza, Boston ilirusha mipira 60 ya pointi tatu ikaingia 15. Hiyo 45 iliyokosa ni rekodi ya mtoano wa NBA. Wakafungwa 108–105. Mei 7, mechi ya pili, walirusha 40 ikaingia 10, wakafungwa 91–90. Mechi mbili, mitupo 100, imeingia 25. Msimu wa kawaida timu hiyohiyo ilikuwa inaingiza karibu 37 katika kila 100. Pengo ni mitupo 12, yaani pointi 36, na mechi zote mbili kwa pamoja zilipotea kwa tofauti ya pointi 4. Siku tatu baadaye wakaenda New York, wakarusha 40 wakaingiza 20, wakashinda 115–93. Wachezaji walewale, kocha yuleyule, mpango uleule.

Na msikubali kuambiwa kwamba kurusha tatu nyingi ndiyo upumbavu wenyewe. Zaidi ya nusu ya mitupo yote ya Boston msimu ule ilikuwa ya pointi tatu. Walijulikana hivyo, walijengwa hivyo, na kwa njia hiyo walichukua ubingwa Juni 2024 wakiifunga Dallas 4–1. Njia tuliyoisifu mwaka mmoja hatuwezi kuilaani mwaka wa pili kwa sababu ya usiku mbili. Anayetaka kuipinga aipinge wakati inashinda, na atoe hoja yake wakati huo.

Kwa hiyo mechi ya kwanza namwachia ami yako yote. Ilikuwa bahati mbaya ya aina inayotokea, na kocha asingeweza kuijua saa ile.

Mechi ya pili simwachii. Baina ya mechi mbili kulikuwa na siku nzima ya kukaa na kutazama mkanda. Kila mtu katika kambi ya Boston alikwishaona kwamba uongozi wa pointi 20 unaweza kuyeyuka kama mipira ya mbali inagoma na timu haina jengine la kufanya. Ukalijua hilo, halafu siku ya pili uongozi uleule ukayeyuka kwa namna ileile, hapo bahati imekwisha na kazi ya kocha imeanza. Mazzulla tangu msimu wake wa kwanza amekuwa akisemwa kwa kuchelewa kuomba taimauti mpinzani anapoanza kukimbia na pointi. Kocha ana vitu vya kufanya wakati ule. Anaweza kusimamisha mchezo. Anaweza kuagiza mpira uingie ndani chini ya kikapu, hata kama mtupo wa ndani una thamani ndogo kwenye karatasi, kwa sababu mtupo wa ndani unaleta faulo, faulo inaleta mitupo huru, na mitupo huru inasimamisha saa na kumkata mpinzani pumzi. Vijana ninaowafundisha jioni nawawekea sharti: tukiwa mbele na mitupo mitatu ya mbali imekosa kwa kufuatana, wa nne lazima mpira ushikwe ndani kwanza. Wananuna, maana kila kijana anataka kurusha kama Stephen Curry, lakini sharti halibadiliki. Timu ya ubingwa wa NBA ilikuwa na watu wa kulifanya jambo hilo vizuri kuliko sisi mara elfu.

Tatum je? Mechi ya kwanza aliingiza mitupo 7 katika 23, mechi ya pili 5 katika 19. Hizo ni namba mbovu na ana fungu lake, hasa ule mpira wa mwisho wa mechi ya pili alioingia nao kwenye msitu wa watu. Lakini mchezaji huyohuyo mechi ya nne alifunga pointi 42. Kisha, zikiwa zimebaki dakika kama tatu, mshipa mkubwa wa nyuma ya kisigino ukakatika. Hilo halina mwenyewe. Mtoano ule mmoja ulikata mishipa ya namna hiyo kwa watu watatu wakubwa: yeye, Damian Lillard wa Milwaukee, na Tyrese Haliburton wa Indiana katika mechi ya saba ya fainali. Ila tusiligeuze jeraha kuwa kisingizio cha mfululizo mzima. Tatum alianguka Knicks wakiwa tayari wako mbele katika mechi ile, na Boston wakiwa tayari wamepoteza mbili za nyumbani. Mechi ya tano, bila yeye, walishinda 127–102, Derrick White akafunga 34. Ile ya sita, 119–81, mimi siihesabu kwa mtu yeyote.

Kuna moja ambayo barazani kwenu, kwa ulivyoniandikia, hakuna aliyeitaja: Kristaps Porzingis. Mtu mrefu wao mkuu aliingia mtoano akiwa dhaifu kwa maradhi yaliyomsumbua tangu kabla msimu wa kawaida haujesha, na kila mtu aliliona. Nyuma yake alikuwepo Al Horford, mwenye umri wa miaka 38, na Luke Kornet. Kornet alipopewa dakika za maana mechi ya tano alizuia mitupo saba. Jambo lililojulikana tangu Machi lisingojewe mpaka mechi ya tano. Hapa nagawa baina ya kocha na ofisi, yaani wale waliounda kikosi, kocha achukue kubwa zaidi, kwa sababu dawa alikuwa nayo kwenye benchi.

Hivyo, kwa mpangilio wangu: bahati mbaya kwanza, Mazzulla wa pili, Tatum na Brown baada yake kwa zile mechi mbili, na ofisi mwisho kabisa.

Lakini usiniletee kwamba kwa kuwa Mazzulla ni wa pili basi alistahili kufukuzwa. Hayo ni mambo mawili mbali mbali, na NBA yenyewe inayachanganya kila mwaka. Angalia makocha waliochukua ubingwa kuanzia 2019 mpaka 2023. Nick Nurse na Toronto 2019, akaondolewa 2023. Frank Vogel na Lakers 2020, akaondolewa 2022. Mike Budenholzer na Milwaukee 2021, akaondolewa 2023 baada ya kutolewa 4–1 na Miami iliyoingia mtoano ikiwa ya nane, katika mfululizo ambao nyota wao Giannis Antetokounmpo aliumia mgongo mechi ya kwanza tu. Michael Malone na Denver 2023, akaondolewa Aprili 2025, siku chache kabla ya mtoano kuanza. Wa watano, aliyevuka 2025 akiwa kwenye kiti chake ni Steve Kerr wa Golden State peke yake. Watu hawa hawakusahau kazi ndani ya miaka miwili. Wachezaji wana mikataba yenye malipo ya lazima, huwezi kuwafukuza 15 kwa pamoja. Mwenye timu hajifukuzi. Anabaki kocha, ambaye anaondoka kwa tangazo moja la asubuhi.

Na hata hao waliowatoa nyinyi hawakusalimika. Knicks walifika fainali ya upande wa Mashariki, hatua moja kabla ya fainali ya NBA, kwa mara ya kwanza tangu 2000. Mechi ya kwanza dhidi ya Indiana waliongoza kwa pointi 14 zikiwa zimebaki dakika zisizofika tatu, wakafungwa 138–135 kwenye dakika za nyongeza. Mfululizo ukaisha 4–2, na Juni 3 kocha wao Tom Thibodeau akafukuzwa. Kwa kipimo changu, Thibodeau alikuwa na kosa la wazi: alichelewa kubadilisha watano wa kuanza mpaka mechi ya tatu, akiwa nyuma 2–0, wakati watano wale walikuwa wanazidiwa tangu mapema. Hilo lilijulikana na lilikuwa mkononi mwake. Lakini kosa la mechi mbili halifuti kazi ya miaka mitano ya kuirudisha timu iliyokuwa imezama.

Kisa cha Toronto ndicho kinachoniuma zaidi, na kila anayezungumzia lawama anapaswa kukijua. Kocha Dwane Casey alishinda mechi 59 msimu wa 2017–18. Mtoano wakatolewa 4–0 na Cleveland ya LeBron James, mwaka wa tatu mfululizo kutolewa na timu hiyohiyo. Mei akafukuzwa. Juni, akiwa tayari amechukuliwa na Detroit, akatangazwa Kocha Bora wa Mwaka. Mwaka uliofuata msaidizi wake, Nurse, akachukua ubingwa, na watu wakasema: mnaona, tatizo lilikuwa Casey. Taratibu. Kiangazi kile Masai Ujiri, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Toronto, alimtoa DeMar DeRozan akamleta Kawhi Leonard. LeBron naye akahama kwenda Lakers, upande wa Magharibi. Vitu vitatu vimebadilika kwa mkupuo. Utajuaje ni kipi kilichofanya kazi? Na hata kwa Kawhi, Toronto ilipita Philadelphia kwa mpira uliogonga ringi mara nne ndipo ukaingia, saa ikiwa imekwisha, 92–90. Ungetoka nje wangecheza dakika za nyongeza, na labda leo tungekuwa tunamlaumu Nurse.

Sasa upande wa mchezaji. Mimi ni mkali sana mahali pamoja tu, mitupo huru. Mstari ni ule ule mita 4.6 kila mahali, Boston na hapa Uwanja wa Mao Tse Tung. Hakuna anayekuzuia na saa imesimama. Penalti ya mpira wa miguu ina kipa. Zanzibar Heroes walipopoteza fainali ya Chalenji kwa Kenya kule Machakos Desemba 2017, 2–2 kisha penalti, visiwa hivi viliwapokea vijana kwa mikono miwili, na tulifanya haki, kwa sababu mbele ya kila mpigaji alikuwepo mtu mwengine aliyefanya kazi yake vizuri. Mtupo huru hauna mtu huyo.

Ndiyo maana fungu la Ben Simmons, aliyekuwa Philadelphia, silipunguzi. Mtoano wa 2021 aliingiza mitupo huru 25 katika 73. Atlanta walikuwa wanamfanyia faulo kusudi. Mechi ya saba, Philadelphia wakiwa nyumbani, alipata nafasi ya kudanki chini ya kikapu akaachia pasi, kwa kila dalili kwa sababu aliogopa kupelekwa kwenye mstari. Walifungwa 103–96. Udhaifu ule ulijulikana tangu msimu wake wa kwanza, na alikuwa na likizo za kiangazi kadhaa za kusimama peke yake kwenye mstari na mpira wake. Klabu nayo ilijua ikamwacha. Lakini kuumaliza udhaifu huo ilikuwa kazi yake.

Utasema basi na Nick Anderson wa Orlando ana hatia hiyohiyo. Hapana, na tofauti ndiyo hii ninayotaka uishike. Fainali ya 1995, mechi ya kwanza, Orlando wakiwa mbele kwa pointi tatu na sekunde chache zimebaki, Anderson alikosa mitupo huru minne kwa kufuatana. Houston wakasawazisha, wakashinda 120–118. Lakini Anderson hakuwa na udhaifu uliojulikana. Alikuwa mtu wa kuingiza kama 7 katika 10. Ilimkuta usiku ule tu. Na Orlando walifungwa mfululizo ule 4–0. Mitupo minne haipotezi mechi nne. Watu walimbandika jina baya likakaa. Msimu wa 1996–97 mtu huyu alikuwa anaingiza kama 40 tu katika 100. Siwezi kuingia kichwani mwake, lakini kila ninapoiona namba ile najua kwamba lawama iliyokosea njia inaharibu mchezaji kweli kweli, na vijana wa Wete wanaocheza Gombani wanaharibika vivyo hivyo kwa maneno ya barazani.

Kwa ofisi nina mfano wa nyumbani. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet wetu, kijana wa Dar es Salaam, akiwa wa pili katika uchaguzi wa wachezaji wapya. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba Stephen Curry. Mpaka leo watu wanamcheka Thabeet, na Watanzania wengine wamo. Thabeet hakujichagua. Alikuwa mrefu, alitoka chuo kikubwa, akasimama walipomwita jina lake. Waliokuwa na kazi ya kuangalia kama urefu ule utamtosha mbele ya wanaume wa NBA walikuwa wamekaa ofisini Memphis. Lakini wakubaliwe kwa hili pia: Februari 2011 walimpeleka Houston, wakamchukua Shane Battier. Aprili ileile Memphis, walioingia wakiwa wa nane, walicheza na San Antonio walioongoza Magharibi. Ni Battier aliyefunga mpira wa pointi tatu uliowapa mechi ya kwanza, ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu, na San Antonio wakatolewa 4–2. Ofisi ilikosea, ikakubali, ikarekebisha. Ofisi nyengine nyingi zinakosea, zinamfukuza kocha, na waliosajili wanabaki kwenye viti vyao.

Jambo la mwisho, kwa sababu najua litakuja barazani. Baada ya kutolewa, Boston waliwaondoa Jrue Holiday na Porzingis, na watu wakasema klabu imewaonyesha mlango walioiangusha. Sivyo. Chini ya mkataba wa ligi wa 2023, timu inayovuka kiwango cha juu cha mishahara inatozwa kodi kubwa na inafungwa mikono kwenye kubadilishana wachezaji. Mkataba wa Tatum pekee ni dola milioni 314 kwa miaka mitano, wa Brown karibu milioni 285, na mishahara na kodi kwa msimu uliofuata ilikadiriwa kuvuka dola milioni 500. Brad Stevens, mkuu wa ofisi ya Boston wakati ule, angelazimika kupunguza hata kama mipira ile ya Mei 5 ingeingia. Kocha walimbakisha, yule aliyechukua ubingwa akiwa na miaka 35, na mimi naona walifanya sawa.